Vyuo Juu ya Mawe Meusi: Historia ya Elimu ya Ufundi na Elimu ya Juu Mjini Goma

Elimu ya juu mjini Goma ni jambo la juzi. Kinshasa ilipata chuo kikuu mwaka 1954, Lubumbashi 1956, Kisangani 1963. Goma, mji wa ukingoni mwa Ziwa Kivu chini ya volkano ya Nyiragongo, ulisubiri hadi 1985. Leo ni vigumu kutoka mtaa wa Himbi kwenda mtaa wa Katindo bila kupita mbele ya bango la chuo: vipo vya serikali, vya makanisa na vya watu binafsi. Wenyeji wenyewe hawalitumii sana neno «chuo». Kilicho kikubwa hukiita kwa Kifaransa, université. Vilivyobaki hutajwa kwa herufi tu, ISC, ISTA, ISTM, ISIG, na kila mzazi anajua herufi zipi zinazaa mhasibu na zipi zinazaa fundi umeme.

Vingi kati ya vyuo hivyo ni taasisi za mji. Hupokea vijana waliomaliza sekondari za hapo hapo, wengi wao wakiendelea kulala kwa wazazi au kwa shangazi, na hufundisha kazi ambazo mji wenyewe umewahi kuzihitaji kwa dharura. Ndiyo maana orodha ya idara zao inasomeka kama kumbukumbu ya mji: biashara ya mpakani, wakimbizi, kipindupindu, lava, vita. Karibu kila moja imeacha somo darasani.

Goma ilianza kama kituo cha Wabelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, kikitazamana na Wajerumani waliokuwa Kisenyi, yaani Gisenyi ya leo nchini Rwanda. Mpaka baina yao ulikubaliwa mwaka 1910. Kilikuwa kijisehemu cha askari, bandari ndogo na maghala. Mji mkubwa wa Kivu yote ulikuwa Bukavu, wakati huo ukiitwa Costermansville, upande wa pili wa ziwa. Tofauti hiyo ya vyeo ilidumu miaka themanini, na shule nazo zilifuata vyeo.

Chini ya mkataba wa 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani, elimu iliachwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki: serikali ilitoa ardhi, misheni ikatoa walimu. Katika nyanda za Goma na Rutshuru kazi hiyo ilishikwa na Mapadri Weupe, ambao kituo chao cha zamani kilikuwa Rugari, kaskazini mwa mji, mahali walipopaita Tongres-Sainte-Marie. Kilichofundishwa kilikuwa kusoma, hesabu, katekisimu na kazi za mikono. Mtoto aliyefaulu sana aliishia kuwa karani, mwalimu wa shule ya msingi, msaidizi wa hospitali au seremala. Mwenye wito alipelekwa seminari. Wasichana walikuwa na «foyers sociaux», nyumba za kufundishia kushona, kupika na kutunza watoto. Mkoloni alitaka wake wa makarani, na nyumba hizo zilitengeneza wake wa makarani. Hata hivyo ushonaji uliofundishwa humo haukupotea. Chini ya jina la «coupe et couture» ungali mchepuo wa sekondari nchini Kongo, na cherehani ni mtaji wa familia nyingi za Goma.

Waprotestanti nao walikuwa na shule, lakini serikali ya kikoloni haikuwapa ruzuku hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Waliendesha mambo yao kwa sadaka na kwa misaada ya ng'ambo. Uchungu wa kubaguliwa huko unaeleza mengi ya baadaye, kwa sababu chuo kikuu cha kwanza cha Goma kilikuwa cha Waprotestanti.

Aliyetaka kusoma zaidi ya Goma ilivyoweza kumpa alipanda meli. Wajesuiti walikuwa wamefungua koleji Bukavu mwaka 1938, ile inayojulikana hadi leo kwa jina la Alfajiri, na mji ule ulikuwa pia na shule ya serikali ya watoto wa wazungu. Goma iliongezewa hadhi ya kikanisa mwaka 1959, ilipofanywa dayosisi, na sekondari za Kikatoliki zikaanza kuongezeka. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Kongo nzima ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiozidi thelathini. Mji kama Goma haukuwa na sababu ya kutumaini mgawo wake katika hao.

Miaka ya mwanzo ya uhuru iliweka misingi miwili ambayo vyuo vya Goma vinaikanyaga hadi leo. Mwaka 1964 serikali iliunda INPP, taasisi ya kitaifa ya kuandaa watu kwa kazi, yenye jukumu la kufundisha ufundi kwa muda mfupi na kuwanoa upya wafanyakazi wa kampuni. Mwaka 1967 ukaanzishwa mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, «examen d'État». Tangu hapo hakuna mlango wa chuo unaofunguka bila diploma ya mtihani huo, na asilimia iliyoandikwa juu yake humfuata kijana kama kabila. Matokeo yanapotangazwa Goma hujaa vifijo, nyuso zilizopakwa unga mweupe na misafara ya pikipiki. Anayepita bila kujua angedhani kuna harusi kumi kwa mpigo.

Mwaka 1971 serikali ya Rais Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote vitatu vya nchi, pamoja na taasisi za juu, kuwa chuo kimoja, UNAZA. Masomo yakagawanywa kijiografia. Fasihi na sayansi ya jamii zilipelekwa Lubumbashi. Saikolojia na ualimu Kisangani. Udaktari, sheria na uchumi Kinshasa. Kwa kijana wa Goma mpango huo ulimaanisha kwamba somo analolipenda ndilo lililoamua ataishi umbali gani na mama yake. Hakukuwa na barabara inayopitika wala reli kutoka Goma hadi Kinshasa, na aliyepata nafasi huko alitegemea ndege au safari ya majuma. Serikali ilimpa posho na kitanda bwenini, jambo ambalo wazee waliosoma wakati huo hulikumbuka kwa namna ambayo vijana wa leo huiona kama hadithi za sungura. Chuo cha karibu zaidi kilikuwa kile cha ualimu cha Bukavu, ISP, kilichoanza mwaka 1961, na baadaye chuo cha maendeleo ya vijijini, ISDR, pia Bukavu.

Katikati ya hayo shule za misheni zilitaifishwa mwaka 1974 na, serikali iliposhindwa kuziendesha, zikarudishwa kwa makanisa kwa mkataba wa 1977. Hadi leo sekondari nyingi za Goma ni «za mkataba»: mwalimu ni wa serikali, paa na nidhamu ni vya kanisa. Kutoka katika mfumo huo ndiko kulikotokea shule ya ufundi yenye jina kubwa kuliko zote mjini, ITIG, taasisi ya ufundi wa viwanda ya Wasalesiani wa Don Bosco. Shirika hilo lilikuwa limeingia Kongo mwaka 1911 kwa kufungua shule ya ufundi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na Goma lilileta kawaida zake zile zile: karakana kwanza, ubao baadaye. Mhitimu wa ITIG, fundi wa mitambo au wa umeme, alipata kazi bila kuulizwa cheti cha chuo kikuu. Kwa muda mrefu hicho ndicho kilichokuwa kilele cha elimu ya ufundi mjini.

Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa. Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vilirudi kuwa vyuo vikuu vitatu, na taasisi za juu zikapewa uhuru wao. Miaka minne baadaye, 1985, jumuiya za Kiprotestanti za mashariki mwa nchi zilianzisha Goma chuo kilichoitwa Université Libre des Pays des Grands Lacs, kwa kifupi ULPGL. Waprotestanti walikuwa wamewahi kuwa na chuo kikuu, kile cha Kisangani cha 1963, wakanyang'anywa na UNAZA mwaka 1971. Goma walianza upya, kwa theolojia, somo ambalo serikali isingelitamani. Jina lenyewe lilikuwa la wakati wake. Mwaka 1976 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, Rwanda na Burundi zilikuwa zimeunda jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, yenye makao yake Gisenyi, hatua chache tu kutoka mpakani. Chuo kilijipa eneo lile lile la kazi, na kweli kilipokea wanafunzi kutoka ng'ambo ya mpaka. Kampasi yake ya Himbi, inayoitwa Salomon, ni mojawapo ya mahali ambapo mtu anaweza kuuona mji ukijiamini.

Kutoka theolojia ULPGL ilipanuka hadi sheria, uchumi na usimamizi, saikolojia, teknolojia, na kitivo kimoja chenye jina refu kuliko vyote: afya na maendeleo ya jamii. Kitivo hicho kinastahili kutazamwa peke yake. Hakitoi madaktari. Kinatoa watu wa kupanga chanjo, kuchimba visima, kusimamia vituo vya afya na kuhesabu utapiamlo kata kwa kata, yaani kazi ambazo miaka ya 1990 zingegeuka kuwa ajira kubwa kuliko zote Goma.

Mambo mawili yalifuatana haraka. Mwaka 1988 jimbo la Kivu liligawanywa sehemu tatu, Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini, na mji uliokuwa wilaya ukawa na gavana, mahakama na ofisi za kuajiri. Mwaka 1989 serikali ikaruhusu rasmi vyuo vikuu vya watu binafsi na vya makanisa. Wakatoliki wakafungua vyao Bukavu na Butembo mwaka huo huo. Haikuwa huruma ya serikali. Hazina ilikuwa imekauka, posho za wanafunzi zilikuwa hazinunui sabuni, na dola la Mobutu lilikuwa linaweka chini mizigo yake mmoja baada ya mwingine.

Mzigo wa elimu uliokotwa na wazazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimu walipogoma kwa kutolipwa, maaskofu Wakatoliki na wazazi walikubaliana kwamba familia zichangie mshahara. Mchango huo uliitwa «prime», na ulipangwa uwe wa muda. Katika shule za msingi ulidumu hadi serikali ilipotangaza elimu ya bure mwaka 2019. Katika vyuo haukuondoka. Karo ya chuo, ambayo Wakongo huiita «minerval», hukadiriwa kwa dola za Marekani, hulipwa kwa awamu, na ndiyo inayomlisha mwalimu, kuwasha jenereta na kununua chaki. Siku chache kabla ya mitihani huonekana mistari ya wanafunzi mbele ya dirisha la mhasibu, kwa sababu asiyemaliza awamu haingii ukumbini. Vurugu nyingi za wanafunzi wa Goma chanzo chake kimekuwa dirisha hilo.

Serikali yenyewe ilifika na chuo kikuu chake mwaka 1993, kwa mlango wa nyuma: kituo cha Goma kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Walimu walikuja kwa ndege, wakafundisha somo la mwaka mzima kwa wiki mbili tatu, wakaondoka. Ufundishaji huo wa mafungu ungali kawaida katika vyuo vingi vya Kongo, ambako maprofesa ni wachache na wanagawanywa kama maji ya kisima. Tawi hilo lilijitenga mwaka 2004 na kuwa Université de Goma, UNIGOM. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 11 ambayo ilitosha kuubomoa mji mara kadhaa.

Katikati ya Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wanaokaribia milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma na viunga vyake katika siku chache. Kambi za Mugunga, Kibumba na Katale ziliota juu ya mawe ya lava, mahali ambapo huwezi kuchimba kaburi wala choo. Kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu ndani ya majuma. Mashirika ya misaada yalimiminika, na pamoja nayo soko la kazi ambalo mji haukuwahi kuliona: madereva, wakalimani, wahasibu, wauguzi, watunza ghala, wote wakilipwa kwa dola. Kijana aliyejua kuandika ripoti kwa Kifaransa na kuizungumza kwa Kiswahili alipata mshahara mkubwa kuliko wa profesa wake. Vyuo vilielewa haraka. Masomo ya maendeleo, ya usimamizi wa miradi na ya afya ya umma yalijaa. ISDR ikawa na mwenzake Goma, chuo cha maendeleo ya vijijini cha Maziwa Makuu. Inaweza kusemwa, bila kuwakosea heshima, kwamba kizazi kizima cha wasomi wa Goma kilijifunza kufikiri kwa muda wa mradi, yaani kwa miezi sita sita.

Vita vya 1996 vikaleta utawala mwingine, na kuanzia 1998 hadi 2003 Goma ilikuwa makao makuu ya waasi wa RCD, imekatika na Kinshasa. Vyuo havikufungwa. Miaka hiyo ndiyo iliyozidisha sifa ya vyuo vya hapo hapo, kwa sababu kumpeleka mtoto Kinshasa kulikuwa kumpeleka nchi nyingine kwa upande wa hatari, hata kama ramani ilikuwa moja. Wengine walivuka mpaka kila jioni kusoma Gisenyi.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Milipuko haikuwa kitu kigeni: mnamo 10 Januari 1977 ziwa la lava la kreta lilikuwa limemwagika lote katika muda usiotimia saa moja na kuua watu katika vijiji vya mteremko. Safari hii mto wa moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani. Ulifunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya Goma, ukala kipande cha uwanja wa ndege, ukateketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, mtaa wa biashara na shule nyingi. Watu wanaofika 120,000 walibaki bila makao, na mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, kisha wakarudi kabla lava haijapoa.

Hospitali moja iliyoungua inastahili kutajwa kwa jina, maana ilikuwa pia shule. Daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn walikuwa wameanzisha Goma shirika la kuwanoa madaktari vijana waliotoka vyuoni bila kugusa wagonjwa wa kutosha. Lava ililifukia jengo. Walilijenga upya na likajulikana kwa jina la HEAL Africa, na mafunzo ya upasuaji yakaendelea pamoja na matibabu ya wanawake waliojeruhiwa na ubakaji wa vitani. Elimu ya uuguzi mjini, yenye ngazi zinazoitwa A2 kwa aliyesoma sekondari ya afya na A1 kwa aliyetoka chuo cha juu kama ISTM, inategemea hospitali za aina hiyo kwa mazoezi.

Mji ulijengwa tena kwa kilichoufukia. Mawe meusi yalivunjwa kwa nyundo, yakauzwa kwa lori, yakawa kuta na uzio wa nyumba na wa vyuo vilevile. Ardhi ya Goma haina udongo wa kutosha kufyatua matofali, na nyumba za kawaida zilikuwa za mbao. Kwa wenye uwezo, lava iligeuka kuwa jiwe la ujenzi. Somo la ujenzi na kazi za umma, linalofundishwa ISTA pamoja na umeme, elektroniki na mekanika, lina hapa tatizo la peke yake ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: jinsi ya kuweka msingi, bomba au choo juu ya mwamba ambao miaka michache iliyopita ulikuwa unatiririka.

Volkano imeipa Goma pia taasisi ya elimu ambayo haina wanafunzi wengi lakini inajulikana duniani, kituo cha uangalizi wa volkano, OVG. Kilianzishwa mwaka 1986 chini ya kituo cha utafiti wa sayansi asilia cha Lwiro, kusini mwa ziwa, na kazi yake ni kusikiliza mitetemeko ya Nyiragongo na ya volkano jirani, Nyamulagira, na kupima gesi iliyoyeyuka ziwani, ambayo ni kaboni dayoksaidi na methani kwa mabilioni ya mita za ujazo. Watafiti wake wengi wamejifunza kazini kwa kushirikiana na wageni kutoka Italia, Ubelgiji na kwingineko. Kiswahili cha hapo kimelipa deni hilo kwa neno moja. Mabonde madogo ambamo gesi nzito hujikusanya na kuua mbuzi, na mara nyingine watoto, wenyeji huyaita mazuku. Wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno hilo kama lilivyo na kulitumia katika maandishi yao.

Ukiingia leo katika vyuo vya Goma unakuta mfumo wenye ngazi mbili za zamani zinazobadilishwa. Kwa miongo mingi mwanafunzi alisoma miaka mitatu akapata graduati, kisha, akiwa na fedha na subira, miaka miwili zaidi akapata lisansi. Graduati ndiyo iliyokuwa roho ya vyuo vya mji: fupi, ya kazi, na ya kutosha kwa mwajiri. Tangu mwanzo wa miaka ya 2020 wizara imekuwa ikihamisha vyuo vyote kwenda mfumo wa LMD wa lisansi ya miaka mitatu, masta ya miwili na udaktari. Katika makaratasi mabadiliko ni madogo. Kwa familia ni makubwa, kwa sababu neno lisansi, ambalo lilimaanisha miaka mitano ya karo, sasa linamaanisha mitatu, na waajiri wa zamani hawajui tena waheshimu cheti kipi.

Programu zenyewe zimegawanyika kwa mantiki ya mji wa mpakani. ISC hufundisha uhasibu, fedha na biashara, na haishangazi kwamba mambo ya kodi na ushuru wa forodha yana wafuasi wengi mahali ambapo maelfu ya wachuuzi huvuka lango la mpakani la Petite Barrière kila siku na makapu ya nyanya na unga. ISIG hushika kompyuta na usimamizi. ISTM hutoa wauguzi, wakunga na watu wa maabara. Chuo cha utalii kinategemea sokwe na volkano za Hifadhi ya Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, iliyotangazwa 1925. Hifadhi inapofungwa kwa sababu ya vita, wahitimu wake huishia mapokezi ya hoteli za ziwani. UNIGOM ina sheria, uchumi, udaktari, kilimo na sayansi ya jamii na siasa. Sheria ndiyo inayojaza kumbi kuliko zote. Nchi yenye kesi nyingi za ardhi haikosi wateja wa mawakili, ingawa haikosi pia mawakili wasio na wateja.

Darasani lugha ni Kifaransa. Nje ya mlango ni Kiswahili, na ndicho kinachofanya kazi halisi ya kufundisha: mwenzako anakueleza kwa Kiswahili uani kile ambacho profesa amekisoma kwa Kifaransa ukumbini. Maandishi ya mwisho, «travail de fin de cycle», lazima yawe ya Kifaransa, na yameunda biashara nzima. Vibanda viitwavyo «secrétariat public», vyenye kompyuta mbili, mashine ya kunakili na ya kujalidi, vimezunguka kila kampasi. Wenye vibanda huchapa, husahihisha na, kama wanavyolalamika walimu, mara nyingine huandika. Kabla ya hapo kuna staji, miezi ya mazoezi kazini, ambayo ugumu wake si kazi bali kumpata wa kukupokea.

Chini ya vyuo vya diploma kuna tabaka jingine ambalo historia za elimu hulisahau. Kituo cha vijana cha Don Bosco Ngangi, kaskazini mwa mji, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kama uwanja wa michezo na katekisimu, kikageuka baada ya vita vya 1996 kuwa makao ya watoto wa mitaani, yatima na waliokuwa askari watoto. Humo hufundishwa useremala, uashi, uchomeleaji, ushonaji na ufundi magari, kwa miezi badala ya miaka, na bila kuulizwa diploma. INPP hufanya kazi kama hiyo kwa watu wazima. Ufundi mwingine haukuwahi kuhitaji shule kabisa: chukudu, pikipiki ya mbao isiyo na injini inayobeba viazi na mkaa kutoka milimani, imetengenezwa tangu miaka ya 1970 na mafundi waliofunzwa na mafundi, na mwaka 2009 ilijengewa sanamu katika mzunguko wa barabara mjini. Mpaka sasa hakuna chuo chenye idara ya chukudu.

Ngangi ina kazi nyingine ambayo haimo katika programu yoyote. Kila vita vinapokaribia, uwanja wake hujaa wakimbizi. Ilikuwa hivyo mwaka 2012, waasi wa M23 walipoishika Goma tarehe 20 Novemba kwa siku kumi na zaidi kidogo, na ikawa hivyo tena miaka kumi baadaye. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka kwa mara nyingine, lava ikasimama Buhene karibu na uwanja wa ndege, na siku tano baadaye mamlaka zikaamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Mwaka wa masomo ulikatika wanafunzi wakiwa Sake, Minova, Bukavu na Gisenyi.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia tena mikononi mwa M23. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na maprofesa waliokuwa wakija kwa ndege kufundisha mafungu yao hawakuwa na njia ya kufika. Vyuo vya serikali vilijikuta katika hali ambayo wazee walioishi enzi za RCD waliikumbuka vizuri: mamlaka ya mjini ni moja, na wizara inayotambua vyeti ni nyingine. Mwanafunzi hulipa karo Goma na kufanya mtihani Goma, lakini diploma yake hupata nguvu kwa muhuri wa Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 ambao hakuna barabara inayoumaliza.